Ndoa tatu za Janie: uhuru haumo katika mume

Wahakiki wengi huisoma riwaya ya Zora Neale Hurston, Their Eyes Were Watching God (1937), kama safari ya mwanamke kutoka ndoa mbovu hadi ndoa njema. Usomaji huo haunitoshelezi.

Hebu tutazame. Nyanya yake Janie, aliyewahi kuwa mtumwa, anamwoza kwa Logan Killicks kwa kuwa mzee huyo ana ekari 60. Kwa nyanya, ardhi ni kinga. Kwa Janie, ni upweke na mume anayepanga kumnunulia nyumbu wa kulimia. Anatoroka na Joe Starks, ambaye anakuwa meya wa Eatonville, Florida, kisha anamnyima mkewe nafasi ya kusema hadharani na kumlazimisha afunge nywele kitambaa dukani.

Wa tatu, Tea Cake, ni kijana. Anamfundisha kucheza drafti, wanacheka pamoja. Hapo ndipo wasomaji hushangilia. Lakini Tea Cake naye anampiga, ati watu wajue nani mwenye mke! Huo nao tuuite ukombozi?

Ninavyoona mimi, uhuru wa Janie umo katika usimulizi. Baada ya kifo cha Tea Cake, anarudi kwenye nyumba yake mwenyewe na kumsimulia rafikiye Pheoby maisha yake. Aliyenyamazishwa dukani sasa ndiye mwenye kauli.

Basi wanafunzi, mnapohakiki mapenzi katika riwaya, msiishie kuuliza nani anampenda nani. Ulizeni pia: nani anasema?