Kuasili, Kafala na Kulea: Majina ya Ujamaa katika Vitabu vya Watoto

Mfasiri akutanapo na hadithi ya mtoto aliyetolewa nchi moja akalelewa katika nchi nyingine, huona upesi kwamba shida yake si sarufi, bali ni majina ya watu wa nyumbani. Tuchukue mfano mmoja.

Katika Allison, kitabu cha Allen Say kilichotoka mwaka 1997, mtoto wa kike avaa kimono, ajitazama kiooni, na kugundua kwamba afanana na mwanasesere wake kuliko wazazi wake. Aelezwapo kwamba alizaliwa nchi ya mbali, aviharibu vitu walivyovitunza wazazi hao tangu utoto wao. Mwishoni aomba paka asiye na kwao apokewe nyumbani.

Sifa ya kitabu hiki ni kwamba hakimlazimishi mtoto kushukuru. Hasira yake yatokana na majonzi. Mfasiri akiandika "ukaidi" au "utovu wa adabu", atakuwa amehukumu mahali alipotakiwa kueleza. Kasoro yake ni suluhu ya haraka, maana kumpokea paka si sawa na kuijua asili yako.

Na hapo ndipo penye utata wa istilahi. Kuasili latokana na asili, yaani shina. Nalo latumika kwa tendo la kisheria la kumpatia mtoto wazazi wapya. Msomaji wa Pemba, ambako Waislamu ni wengi, ajua kwamba Sura ya Al-Ahzab yaagiza watoto waitwe kwa baba zao. Kafala humpa mtoto mlezi bila ya kuigusa nasaba yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 20, wavitaja viwili hivi mbalimbali, na Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Na. 6 ya 2011, nayo yaitambua kafala. Aidha, mtoto wa Wete akaaye kwa bibi yake au mama yake mkubwa hakuasiliwa wala hahitaji hati, analelewa. Mwalimu akiyachanganya maneno haya darasani, mtoto huyo aweza kurudi nyumbani akidhani kwamba ametupwa na wazazi wake.

Kwa hiyo twapendekeza:

(a) Kuasili, kafala na kulea yasitumike kama visawe.

(b) "Mama wa kambo" abaki kuwa mke wa baba. Ngano zimekwisha kumtwisha uovu usiomhusu mama aliyeasili.

(c) "Mama wa kweli" liepukwe, kwa kuwa humfanya mwingine kuwa wa uongo. Aliyezaa ni mama mzazi. Aliyeasili, katika kinywa cha mtoto, ni mama tu.

Twawaomba walimu wa Pemba watuletee maneno yasemwayo majumbani, kabla istilahi hizi hazijasanifiwa bila ya wao.