Mwanzo wa Picha ya Taharuki: Musoma, Bunda na Butiama

Kazi ya kwanza apewayo mwanafunzi wa utengenezaji wa filamu mara nyingi si filamu nzima bali ni mwanzo wake tu. Mitihani ya Uingereza, ambayo shule kadha za Afrika Mashariki zaifuata, imeipa kazi hiyo mpaka wa dakika 2: majina ya watendaji, kipande cha kwanza cha hadithi, basi. Wengi huchagua hadithi ya taharuki, na sababu yake yaonekana upesi. Giza, mlango ulioachwa wazi kidogo, nyayo na kisu cha jikoni hupatikana bila ya gharama. Pamoja na filamu yenyewe mwanafunzi hutakiwa kutoa daftari la mpango na uchunguzi wake: filamu alizozitazama, mahali alipopachagua, watu aliowauliza, michoro ya picha moja baada ya nyingine. Ni nadra daftari la namna hiyo kuhakikiwa kama maandishi, ilhali ndani yake ndimo filamu ifauluapo au iharibikapo kabla kamera haijafunguliwa. Yafaa basi jambo hili litazamwe kwa kuchukua mahali pamoja, Mkoa wa Mara, na hasa Musoma, Bunda na Butiama, na kuuliza ni nini hasa kimpasacho kukichunguza kijana atakaye kuanzisha huko hadithi ya hofu.

Daftari aghalabu huanza na filamu za kigeni, wala si kosa. Katika M ya Fritz Lang, iliyotoka Ujerumani mwaka 1931, watoto wasikika kwanza wakicheza mchezo wa kuhesabiana kwa maneno ya kutisha wasiyoyapima; mama mmoja aandaa chakula cha binti yake, saa yapiga, mtoto haji. Katika Touch of Evil ya Orson Welles ya mwaka 1958 bomu latiwa ndani ya gari, na kamera yalifuata bila kukatizwa kwa zaidi ya dakika 3 hadi kwenye mpaka wa Mexico na Marekani. Mwenye kuzitazama hizo kwa makini atajifunza zaidi ya yule aigaye damu na makelele ya filamu za juzi.

Kutokana nazo mtu huifikia tofauti ambayo Alfred Hitchcock alimweleza François Truffaut katika mazungumzo yao ya mwaka 1962. Bomu lililo chini ya meza likilipuka ghafula, watazamaji hupata mshtuko wa nukta chache. Lakini wao wakijua kwamba liko, na walioketi mezani wasijue, basi hushikwa na wasiwasi muda wote wa mazungumzo. Kiswahili kina neno zuri la jambo hili la pili. Taharuki yatoka katika Kiarabu, na huko shina lake lina maana ya kusogea na kutikisika. Katika Kiswahili mwendo huo umehamia moyoni: aliyetaharuki ni mtu ambaye moyo wake hautulii mahali pamoja. Taharuki basi si hofu tu, wala si mshtuko. Ni moyo kulitangulia tukio. Maelezo haya si ya kamusi peke yake, kwani yatoa kipimo. Moyo hauwezi kutangulia isipokuwa uijue njia. Mtazamaji wa Musoma azijua njia asizozijua mtazamaji wa London, na mwanafunzi asiyejua kile ambacho mtazamaji wake akijua hataweza kumtaharukisha, atamshtua tu.

Mfano ni ziwa lenyewe. Usiku wa kiza, nje ya Musoma, taa za wavuvi wa dagaa huonekana juu ya maji kama mji mwingine. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi ziko pia taa za betri na za jua. Kazi yake ni ile ile, kuwavuta dagaa waje juu karibu na wavu. Mwanafunzi mwenye jicho zuri angeanza hapo: taa nyingi, kimya, kisha moja yazimika. Hakuna neno lililosemwa, na kila mkaaji wa pwani ya ziwa amekwisha kuuliza ni nani. Walakini mwanafunzi yule yule, kwa kupenda uzuri wa picha, huenda akautia mwezi mpevu juu ya taa hizo. Basi amekwisha kuharibu. Mvuvi wa dagaa hutegemea kiza. Mbalamwezi ikiwa kali taa yake hushindwa na mwezi, na wengi hupumzika. Mtazamaji wa Makoko au Mwisenge ataacha kuiogopa taa iliyozimika, naye ataanza kumcheka mwenye filamu. Uchunguzi wa jioni moja ufukweni ungalizuia hayo.

Ziwa hili limekwisha kuingia katika filamu mashuhuri, nayo yastahili kuwamo katika kila daftari la namna hii ingawa si hadithi ya kubuni. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper wa Austria ilitoka mwaka 2004, nayo ilipigwa hasa katika Mwanza. Mwanzo wake ni kivuli cha ndege juu ya maji, kisha mnara wa kuongozea ndege, na mtu ndani yake ahangaikaye na mdudu dirishani. Kwa ufundi, ni mwanzo bora wa taharuki: kivuli bila ya kitu chenyewe, na mlinzi wa anga ambaye macho yake yako kwa mdudu. Kutoka hapo filamu yaongoza moyo wa mtazamaji kwenye swali moja, ndege zinazochukua minofu ya sangara kwenda Ulaya huja na nini? Jibu lajengwa kwa minong'ono na kwa ushuhuda, kama ule wa rubani aliyesema amepata kupeleka silaha Angola; silaha zikishushwa Mwanza hazionyeshwi. Mwaka 2006 filamu hiyo ilishindania tuzo ya Oscar, na mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani kwamba imeipaka nchi matope. Mtu aweza kumtetea Sauper kwa mengi, hasa kwa kuutazama umaskini ambao wengine waliupita. Lakini neno moja halikwepeki: kivuli kile kiliwaangukia watu halisi, wenye majina na kazi zao, na mji mzima ukajulikana ng'ambo kwa swali lisilojibiwa. Musoma nayo ilikuwa na viwanda vya minofu. Mwanafunzi aazimaye kivuli cha Sauper hana budi kujua kwamba katika hadithi ya kubuni pia, mahali pakitajwa kwa jina, taharuki huacha deni kwa wakaaji wake.

Kosa kubwa zaidi la madaftari ya aina hii ni kuziruka riwaya za Kiswahili, kana kwamba taharuki iliingia Afrika Mashariki pamoja na kamera. Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa mwaka 1960, na Bwana Msa na kiko chake wakapata wasomaji hadi bara. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ilifuata mwaka 1965. Mwaka 1974 Elvis Musiba alimtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona, hadithi inayotokana na wizi wa nyaraka za siri za harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Wahakiki wengi walizidharau kwa kuwa ni hadithi za kupitishia wakati. Dharau hiyo imewanyima wanafunzi mwalimu aliye karibu. Maana waandishi hao walikwisha kulipata jibu la swali gumu, yaani hofu ya kisasa yasemwaje kwa Kiswahili bila ya kunuka tafsiri.

Swali hilo laelekea kwenye jambo zito kuliko yote katika mpango wa filamu ya Mara, nalo ni lafudhi. Katika vichekesho vya Tanzania mtu wa Mara hutambulikana kwa sauti ya kukata, kwa r mahali pa l, na kwa neno mura kila baada ya sentensi. Naye huwa ni askari, mlinzi, au mtu mwepesi wa kushika panga. Mwanafunzi atafutaye hofu ya haraka huichukua sauti hiyo na kumpa muuaji wake. Dakika 2 ni chache, na lafudhi humpa tabia kamili kwa sentensi moja. Ni bei rahisi mno, na mlipaji ni mtoto wa Bunda aketiye mbele ya filamu na kugundua kwamba usemi wa mama yake ndio dalili ya uhalifu.

Aidha, ni elimu mbovu. Sauti hiyo ya vichekesho, kama ina asili yoyote, asili yake ni Kikuria, ambacho hakitenganishi l na r, na ambacho toni katika kitenzi chake hubainisha nyakati. Msemaji akichukua sehemu ya mwendo huo wa toni na kuitia katika Kiswahili, lugha isiyotumia toni kutofautisha maneno, sikio la pwani husikia ukali mahali ambapo pana sarufi. Tena Kikuria husemwa hasa Tarime na Serengeti, na ng'ambo ya mpaka katika Kenya. Wenyeji wa Musoma husema Kikwaya na Kijita, lugha ambazo Malcolm Guthrie aliziweka katika fungu la E.20 pamoja na Kihaya. Kizanaki cha Butiama kimo katika E.40 pamoja na Kikuria na Kigusii. Katika Bunda chasikika Kiikizu, Kijita na Kisukuma, na kaskazini katika Rorya husemwa Kijaluo, ambacho hata si Kibantu. Kuzikusanya hizo zote katika koo moja la mchekeshaji ni sawa na kumpa Mpemba lafudhi ya Lamu na kudai kwamba pwani ni pwani. Na sauti ya Mara iliyosikika kuliko zote katika karne ya 20 ilikuwa ya Mzanaki, Julius Nyerere, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kielelezo kwa taifa zima.

Haimaanishi kwamba lafudhi isitumike. Itumike, lakini kwa kuijua. Wote wakisema kwa lafudhi ya mahali, muuza dagaa, mpelelezi, mwathiriwa na muuaji pia, lafudhi haimsaliti mtu, na sikio la mtazamaji huachwa huru kutafuta dalili nyingine. Na dalili hiyo yaweza kuwa kinyume cha mazoea: simu yapigwa usiku katika nyumba ya Musoma, na sauti inayosikika ni ya Kiswahili safi kupita kiasi, kisicho na kijiji wala mto. Katika mji ambamo kila neno humtaja mwenyewe alikozaliwa, mtu asiye na mahali katika sauti yake ndiye wa kuogopwa.

Kuhusu Bunda hapana haja ya maneno mengi. Ni mji wa njia, magari ya Mwanza na Musoma hupita humo, na lango la Ndabaka la Serengeti haliko mbali. Butiama ni jambo jingine. Mahali paitwapo Mwitongo pana kaburi la Mwalimu, aliyezikwa hapo Oktoba 1999, na makumbusho yaliyofunguliwa mwaka huo huo. Jina lenyewe lasema: itongo, katika lugha kadha za kanda hiyo, ni mahali palipokaliwa na watu wa zamani. Karibu nalo uko msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki huuhesabu kuwa makao ya mzimu. Kwa kijana mwenye kamera vishawishi ni viwili: wizi wa waraka katika makumbusho, ambao ni Musiba aliyehamishwa, na kelele msituni usiku. Kishawishi cha pili ndicho kibaya. Muhammed Said Abdulla naye aliweka mauaji mahali pa mzimu, lakini aliweka pia Bwana Msa, mtu asiyekubali kwamba mzimu huua, na riwaya nzima ni hoja kati ya hofu na akili. Mwanzo wa dakika 2 hauna nafasi ya hoja. Hutoa mzimu, hunyima Bwana Msa, na imani ya wazee hubaki kuwa kitisho cha wageni. Licha ya kibali kitakiwacho na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, wako wazee wa kuombwa ruhusa, na maneno yao yangestahili kuandikwa daftarini kabla ya jina la Hitchcock.

Butiama ina mwanzo wake mwingine, ambao wachunguzi wa filamu hawautafuti huko. Mwaka 1963 Nyerere alichapisha Julius Caezar, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Tamthilia ya njama na mauaji, lakini haianzi usiku wala kwa kisu. Yaanza mchana, njiani, kwa maofisa wawili wawaulizao mafundi kwa nini wanatembea siku ya kazi bila ya vyombo vya kazi zao, na fundi viatu awajibuye kwa mzaha. Kila mtu acheka, na tayari kuna kitu kisicho mahali pake. Mwanafunzi akienda na onyesho hilo hadi kituo cha mabasi cha Bunda saa sita ya mchana, hatahitaji giza wala mwezi. Atahitaji kujua tu ni fundi gani wa pale ambaye, akionekana mikono mitupu, watu watageuza shingo.