Kumbukumbu ya Kifaa Kidogo: Kutambua Programu Iliyopangwa Vizuri

Mita ya umeme ya LUKU iliyofungwa ukutani kijijini Kigonsera haina fundi wa kuizima na kuiwasha kila inapolemewa. Inatakiwa ifanye kazi miaka na miaka bila kuguswa, kama ilivyo kwa kipima mvua au kidhibiti cha betri ya sola. Anayetaka kupima ubora wa programu inayoendesha kifaa cha namna hiyo asianzie kwenye skrini. Atazame inavyogawa kumbukumbu. Mgawo mzuri ni ule ambao kikomo chake kinajulikana kabla kifaa hakijatoka karakana.

Chipu ya ATmega328P, iliyomo kwenye Arduino Uno, ina baiti 2,048 tu za RAM. Tuseme baiti 960 kati ya hizo zimetengwa kwa ajili ya malloc, amri ambayo programu huitumia kuomba kumbukumbu ikiwa kazini. Programu inaomba 300, kisha 20, halafu 300, 20, 300 na 20. Baadaye inarudisha zile tatu za 300. Sasa baiti 900 ziko wazi, lakini ikiomba 400 inanyimwa, maana vile vipande vidogo vya 20 vimekaa katikati na kuzitenganisha. Mezani, kwa majaribio ya saa mbili, hali hii huenda isionekane kabisa. Ndiyo maana Gerard Holzmann wa maabara ya JPL ya NASA, katika kanuni zake kumi za mwaka 2006, alikataza kuomba kumbukumbu mpya baada ya programu kumaliza kujiandaa. Kanuni hiyo naiunga mkono. Pale ambapo data huja na kuondoka, tenga mapema vipande vya ukubwa mmoja: ndivyo ngoro, mashimo ya kilimo ya Wamatengo, zinavyofanya mlimani, mvua ikishuka inakuta mashimo yamekwishachimbwa. Kipande chochote kikirudishwa, kinamfaa mwombaji yeyote anayefuata.

Wapo watakaosema huo ni ufujaji, kwamba ujumbe wa baiti 20 unakalia nafasi ya 64. Kweli, ila hasara hiyo inahesabika kwenye karatasi, na ukitenga makundi mawili ya vipande inapungua sana. Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye LUKU yenyewe. Tokeni zake zilihesabu dakika tangu mwaka 1993 kwa biti 24, hesabu iliyofika mwisho tarehe 24 Novemba 2024, na wateja wa shirika la umeme la TANESCO wakalazimika kuingiza tarakimu 20 mara tatu ili kuhuisha mita zao. Kikomo kisichobadilika, basi, nacho huumiza. Lakini siku yenyewe ilijulikana miaka mingi kabla, ndiyo maana maandalizi yaliwezekana. Kumbukumbu iliyokatikakatika haitangazi siku yake.

Chipu kubwa kama ESP32, yenye kilobaiti 520 na kazi za mtandao, haiwezi kubanwa hivyo kila mahali. Hapo malloc ikubalike, kwa masharti, na la kwanza ni kuchagua vizuri njia ya mgawo. Katika FreeRTOS ya kawaida, mfumo endeshi wa vifaa vidogo, njia ya heap_1 haipokei chochote kinachorudishwa, kwa hiyo ni salama kwa kazi isiyobadilika; heap_2 haiunganishi vipande jirani, na saizi zikibadilikabadilika naikataa; heap_4 huviunganisha. Fundi akijisifu kwamba kumbukumbu nyingi ingali wazi, muulize kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki kina baiti ngapi baada ya wiki kadhaa za kazi mfululizo, na programu inafanya nini ombi likikataliwa.