Ng'ambo ya Mji: Uongozi na Ubaguzi wa Rangi katika Vuta N'kuvute

Nilipowauliza wanafunzi wangu hapa Sori maana ya neno "ng'ambo", jibu lilikuja upesi: ni kule mashua ziendako. Kwa mtoto aliyelelewa kando ya ziwa, ng'ambo ni maji, omena na visiwa. Jibu hilo si kosa, lakini halimfikishi msomaji mbali katika riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute (1999). Kule Unguja, Ng'ambo ni sehemu ya mji, na anayeishi huko amekwisha kupangiwa nafasi yake maishani. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mandhari ya mji ndiyo kiini cha mgogoro katika riwaya hii. Mtahiniwa asiyeyaelewa hawezi kulijibu vyema swali la uongozi.

Tuanze na mandhari. Riwaya inasawiri Unguja chini ya ukoloni wa Mwingereza, kabla ya uhuru wa 1963. Upande mmoja ni Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe, maduka ya Wahindi na ofisi za serikali. Upande wa pili ni Ng'ambo, makazi ya Waafrika na maskini wengine. Zamani pande hizo zilitengwa na mkono wa bahari. Maji yalifukiwa, lakini jina la Darajani likabaki, na utengano ukabaki pia. Haukuhitaji tena maji.

Yasmin ndiye anayetuvusha. Ni msichana wa Kihindi wa miaka 15 anayeozwa Bwana Raza, mwanamume wa miaka 52. Anapoikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, Mwafrika wa Ng'ambo asiye na mali. Tukio hili lina maana mbili. Kwanza, linaonyesha kwamba ubaguzi wa rangi hautendi kazi peke yake: unashikana na jinsia na utajiri. Yasmin ana rangi ya wenye maduka, lakini hana duka wala sauti. Pili, kosa lake machoni pa jamaa zake linazidi kuacha mume. Amevuka mpaka wa mji.

Je, haya ni mambo ya Unguja pekee? La hasha. Nairobi iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 1950 iligawanywa vivyo hivyo: Wazungu Muthaiga na Karen, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika Pumwani, Kaloleni na Makongeni. Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga, aliajiriwa huko kama mkaguzi wa afya, kwa mshahara wa chini mno kuliko wa Mzungu wa kazi hiyo hiyo. Katika kumbukumbu zake za 1963 anasimulia jinsi mwanamke Mzungu alivyoingia ofisini, akamkuta Mboya, kisha akauliza kama hakuna mtu humo. Mwanafunzi akilisikia tukio hilo ataelewa upesi ubaguzi ni nini: ni kutazamwa na kutoonekana.

Sasa tuje kwenye uongozi. Nikisahihisha insha, nakuta karibu kila mtahiniwa ameandika kwamba Denge ndiye kiongozi kwa kuwa ni msomi, ni jasiri na anasambaza maandishi yaliyopigwa marufuku huku akiandamwa na Inspekta Wright. Yote ni kweli, lakini hayatoshi. Tujiulize: Denge anaongoza nani? Kundi lake ni la marafiki wachache wanaokutana kwa siri. Mboya, kwa upande wake, alijenga vyama vya wafanyakazi vyenye ofisi na wanachama, na mwaka 1955 alisaidia kusuluhisha mgomo wa makuli wa Mombasa uliowaletea nyongeza ya mishahara. Martin Luther King, aliyefahamiana naye, aliongoza watu wa Montgomery kususia mabasi kwa siku 381, kuanzia Desemba 1955. Hata hivyo, karatasi za kwanza za kuwaita watu wasusie zilichapishwa na mwanamke, Jo Ann Robinson, na wenzake.

Mfano huo unaturudisha kwa Mwajuma. Wanafunzi humwelezea kwa maneno mawili, "mcheshi" na "mkarimu", kisha wakampita. Lakini nyumba yake ni mahali ambapo Mhindi na Mwafrika wanakula pamoja, wanacheka pamoja na kuaminiana. Kile ambacho Denge anakihubiri, Mwajuma anakitenda bila hotuba. Kwa maoni yangu huo nao ni uongozi, na mtahiniwa anayeutetea kwa mifano kutoka kitabuni anastahili alama.

Tusifumbie macho udhaifu wa riwaya. Wahindi wengi wamesawiriwa kama wenye maduka na wasengenyaji. Yasmin anakuwa mwema kadiri anavyojitenga nao. Mwandishi anayepinga ubaguzi anahatarisha kuurudia. Udhaifu huu ni mzito tukikumbuka kwamba Januari 1964, muda mfupi baada ya uhuru, Waarabu na Wahindi wengi wa Unguja waliuawa au kukimbia katika Mapinduzi. Mwandishi wa 1999 aliyajua hayo, nasi wasomaji tunayajua. Kwa hiyo mapenzi ya Yasmin na Denge tusiyasome kama burudani tu. Ni swali kuhusu mji ambao ungeweza kuwapo: mji usio na ng'ambo. Mwalimu asimalize somo kabla ya kuwaachia wanafunzi swali hilo.

Maswali ya Marudio
1. "Mandhari ni mhusika." Jadili kauli hii kwa kurejelea Vuta N'kuvute. (alama 20)
2. Linganisha mchango wa Denge na wa Mwajuma katika kupinga ubaguzi. (alama 20)
3. Je, usawiri wa Wahindi katika riwaya hii ni wa haki? Thibitisha. (alama 20)