Barua za Wakili Mhamiaji kwa Tolstoy

Katika shule zetu barua hufundishwa kama zoezi la mpangilio: anwani, tarehe, salamu, kiini, sahihi. Mwanafunzi akishajua kutenganisha barua rasmi na ya kirafiki, somo limekwisha. Ni nadra sana barua kuhakikiwa kama tunavyohakiki utenzi au riwaya, ati kwa kuwa mwandishi wake hakukusudia kutunga. Napenda kuijaribu dhana hiyo kwa kuzitazama barua ambazo Mohandas Gandhi, wakili mhamiaji katika Afrika Kusini, alimwandikia Leo Tolstoy kati ya Oktoba 1909 na Agosti 1910.

Gandhi alifika Durban mwaka 1893, baada ya safari iliyompitisha Lamu, Mombasa na Unguja. Aliitwa kusaidia kesi ya mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, akaishia kuwa msemaji wa Wahindi wote wa Natal na Transvaal. Tolstoy, alipopata barua ya kwanza, alikuwa mzee wa miaka 81, aliyekwisha kuikana dola, jeshi na kanisa, na kutengwa na kanisa hilo mwaka 1901.

Barua hiyo ya kwanza iliandikwa London tarehe 1 Oktoba 1909, Gandhi alipokwenda huko kuwatetea Wahindi wa Transvaal. Kwa fani yake, si rasmi wala si ya kirafiki. Ni barua ya mwanafunzi kwa mwalimu wake, lakini mkono unaoiandika ni wa wakili. Kwanza anatoa ushahidi: kati ya Wahindi wapatao 13,000 wa Transvaal, karibu nusu wamehama kuliko kuitii sheria ya kuwadhalilisha, na karibu 2,500 wameingia gerezani, wengine mara tano. Kisha anauliza kama inafaa kutangaza shindano la insha juu ya upinzani usiotumia mabavu, au kama kushindania zawadi kutaharibu jambo lenyewe. Halafu anageukia waraka ambao Tolstoy alimwandikia Taraknath Das, Mhindi aliyetetea matumizi ya silaha. Nakala yake imemfikia kwa mkono wa rafiki. Je, ni waraka wa kweli? Ikiwa ni wa kweli, anaomba ruhusa ya kuutafsiri na kuchapa nakala 20,000.

Mwisho anaomba neno moja liondolewe: pale Tolstoy anapoikataa imani ya roho kurudi duniani katika mwili mwingine. Hapa ndipo barua inapopata uhai. Mtu anayemnyenyekea mzee kwa kila sentensi anathubutu kumsahihisha, kwa sababu anawajua wasomaji wake, na anajua kuwa imani hiyo ni faraja kwa wafungwa wengi. Tolstoy alijibu kwamba asingependa kulifuta neno hilo, lakini akamwachia hiari. Sijui mwalimu gani angeweza kubuni mfano bora zaidi wa adabu isiyokuwa utumwa.

Hata hivyo, uhakiki hauwezi kuishia kwenye sifa. Katika barua ya pili, ya Novemba 1909, Gandhi anayaita mapambano ya Wahindi wa Transvaal kuwa makubwa kuliko yote ya zama hizo. Msomaji wa Kiafrika hana budi kusimama hapo. Katika hesabu ya barua ya kwanza, Waafrika, wenye nchi, hawamo. Mzee wa Urusi angeweza kuisoma Transvaal ya Gandhi akadhani kuwa ni nchi ya makundi mawili tu, Wazungu na Wahindi.

Watetezi wake husema kwamba wakili humsemea aliyempa kesi. Hoja hiyo ina uzito mahakamani. Lakini barua hizi hazikupelekwa kwa hakimu, bali kwa mtu aliyekuwa akiandika kwa ajili ya wanadamu wote. Na mbele ya msomaji kama huyo, kutotaja kuna maana yake. Tolstoy naye hakuuliza. Barua yake ndefu ya mwisho, ya Septemba 1910, inachambua kwa ukali jinsi sheria ya upendo isivyoweza kukaa pamoja na nguvu za dola, na inaisifu kazi ya Transvaal kuwa muhimu kuliko zote duniani. Wenyeji wa nchi ambako kazi hiyo ilifanyika hawamo humo pia. Miezi miwili baadaye alifariki, na shamba la ekari 1,100 karibu na Johannesburg, ambalo Hermann Kallenbach aliwapa wapambanaji na familia zao, likabaki na jina lake.

Wala si kwamba Gandhi alikosa habari. Mwaka 1906, wakati wa uasi wa Bambatha huko Natal, aliongoza kikosi cha Wahindi wa kubeba majeruhi upande wa serikali, na baadhi ya waliowauguza walikuwa Wazulu waliopigwa mijeledi, ambao wauguzi wa Kizungu hawakutaka kuwagusa. Miaka ishirini hivi baadaye, katika tawasifu yake, alikiri kwamba yale hayakuwa vita bali uwindaji wa watu. Mwaka 1909, alipoketi hotelini London kumweleza Tolstoy mateso ya Afrika Kusini, ilikuwa miaka mitatu tu tangu aivishe mikono yake dawa ya majeraha yale.