Hazina Moja, Folda Mbili

Ukitaka kumjua fundi wa programu, mtazame anapokatizwa kazi. Chukua kijana wa Kisii mjini anayeunda programu ya kupokea kilo za majani chai kutoka vituo vya Nyamira. Amefumua fomu nzima ya mizani, hakuna kinachofanya kazi, mara simu inalia: ripoti ya jana imemhesabu mkulima mmoja mara mbili.

Wengi hapo hukimbilia git stash, amri ya Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo. Huficha kazi mbichi, hubadili tawi, yaani mkondo wa msimbo, hurekebisha, kisha hurudi wakikuna kichwa walikuwa wamefika wapi. Wengine hupakua hazina nzima ya msimbo upya, na bando likaishia hapo.

Fundi huandika git worktree add ../dharura main. Folda mpya inatokea kando ya ile ya kwanza, ikiwa na msimbo ule ambao wateja wanautumia. Chungulia ndani: .git, ambayo kwa kawaida ni folda iliyobeba historia yote, hapa ni faili ya mstari mmoja tu, inayoelekeza kwenye hazina ileile. Historia imehifadhiwa mara moja. Kila folda ina tawi lake na mabadiliko yake. Fomu iliyofumuliwa haijaguswa hata herufi.

Amri hii iliingia katika Git 2.5, mwaka 2015, miaka kumi baada ya Linus Torvalds kuianzisha Git. Kabla yake watu walitumia skripti ya viungo vya faili (symlink), na folda mbili zikishika tawi moja zilivurugana. Sasa, kwa kawaida, Git inakataa. Naipenda sana hapana hiyo. Waulize wachuuzi wa Keroka, mji uliopitiwa na mpaka wa Kisii na Nyamira, ladha ya kaunti mbili kudai ushuru kwenye soko moja.

Mgeni wa amri hii hushangaa programu ikigoma kuwaka kwenye folda mpya: faili ya nywila, ambayo Git iliambiwa iipuuze, haikuja. Ainakili mwenyewe. Na akimaliza asifute folda kwa mkono, maana hazina itaendelea kuiorodhesha kama ipo. Git worktree remove ndiyo njia ya kiungwana. Rekebisho la ripoti linabaki, na kwa kuwa hazina ni ileile, kijana analiunganisha na tawi la fomu papo hapo, bila kutumia hata chembe ya bando.