Ngome ya Suwon: kapi, ujira na daftari

Familia inayotoka Seoul asubuhi kwa treni inaweza kuizunguka ngome ya Hwaseong, mjini Suwon, kwa miguu na kuimaliza kabla ya jioni, hata ikiwa na watoto. Ukuta una urefu wa kilomita 5.7 hivi. Swali la kutembea nalo ni moja: kazi iliyokadiriwa kuchukua miaka 10 ilikamilikaje kati ya 1794 na 1796?

Jibu la kawaida ni mashine. Mfalme Jeongjo alimpa msomi kijana, Jeong Yak-yong, jukumu la kuandaa mpango, pamoja na kitabu cha Kichina kilichoeleza mitambo ya Ulaya. Humo ndimo lilimotoka wazo la geojunggi: fremu ya mbao yenye kapi nne juu na nne chini, kamba zikiishia kwenye magurudumu yaliyozungushwa na watu pande zote mbili. Uzito wa jiwe hugawanyika kwenye kamba nyingi; nguvu inayohitajika hupungua, ila kamba ya kuvuta huwa ndefu zaidi. Mfano wake upo kwenye makumbusho ya Hwaseong, na mzazi asiupite haraka, kwani mtoto akiufuatisha kwa kidole ataelewa mara moja.

Hata hivyo, naona geojunggi inasifiwa kupita kiasi. Kumbukumbu za ujenzi zinataja moja tu. Ukuta wote huo haukuinuliwa na chombo kimoja.

Panda juu, kisha utazame pande zote mbili. Nje ni mawe yaliyopangwa wima. Ndani, sehemu nyingi ni mteremko wa udongo ulioshindiliwa. Waashi walijenga uso mmoja na kuuegemeza kwenye ardhi, wakaufuata mgongo wa kilima cha Paldalsan badala ya kupigana nao. Mawe yalichimbwa kwenye vilima vya jirani, kama Sukjisan. Tofali zilitumika pale zilipofaa hasa, kwa mfano kwenye minara ya ulinzi yenye uwazi ndani, ambamo askari alipanda na kurusha silaha kupitia matundu.

Halafu kuna ujira, na kwangu hili ndilo kubwa. Enzi ya Joseon, ufalme wa Korea wa wakati huo, ilizoea kazi za shokoa: mkulima aliitwa, akaja, akaondoka mikono mitupu. Hapa Jeongjo aliamua watu walipwe. Majina ya mafundi yaliandikwa pamoja na siku walizofanya kazi, na hata nusu siku ilihesabiwa. Fundi anayejua kwamba kazi yake imeandikwa na malipo yapo, haondoki.

Hesabu hizo zilikusanywa katika kitabu cha Hwaseong Seongyeok Uigwe, kilichochapwa mwaka 1801: michoro ya majengo na vifaa, idadi na bei za vitu, mishahara. Kitabu hicho kilikuja kufanya kazi ambayo waandishi wake hawakuikusudia. Vita vya Korea viliharibu sehemu kubwa ya ngome, likiwemo Janganmun, lango la kaskazini. Katika ukarabati wa miaka ya 1970 mafundi walirudi kwenye michoro ile ile na kupata vipimo. Mwaka 1997 UNESCO iliiingiza Hwaseong katika Urithi wa Dunia.

Kwa hiyo ningeshauri familia ianzie Janganmun, lango lililojengwa upya, kisha ielekee magharibi hadi Hwaseomun, lango lililonusurika, na mnara wa zamani ulio kando yake. Ni mwendo mfupi. Linganisheni mawe, viungo vya paa na upindo wa tao. Baadaye nendeni Paldalmun, lango la kusini, mkatafute maandishi yaliyochongwa ukutani: majina ya wasimamizi na ya fundi mkuu wa mawe. Hapo ukuta umekatika, na maduka na barabara vimechukua nafasi yake. Vipimo vya kipande hicho vimo kitabuni. Kiwanja ndicho kilichokosekana.